Maswali na Majibu: Tulipe laki tano ili tualikwe Ulaya?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi cha sarakasi hapa Tanga, tupo saba. Tunapiga shoo ufukweni na kwenye sherehe, na video ya piramidi yetu imetazamwa sana. Kuna mtu anasema anawakilisha shirika la Ulaya linalosaidia maonyesho ya nje, yale ya barabarani na viwanjani. Anataka shilingi 500,000 kwa kila mmoja wetu ili shirika litoe barua ya mwaliko. Ndivyo mashirika haya yanavyofanya kazi?

JIBU: Marahaba. Msimpe hata senti moja.

Swali hili hunifikia kila mwaka, hubadilika jina la nchi tu. Dalali ananikera, lakini kinachoniumiza zaidi ni ile imani inayompa riziki: kwamba shirika la kusaidia sanaa ni ofisi ya kupeleka watu nje. Imani hiyo imewamaliza vijana wengi wenye vipaji, na lazima niivunje hapa.

Onyesho la nje halina mlango wala tiketi. Watu wanasimama barabarani, wanatazama bure, wanakwenda zao. Anayelipa ni halmashauri ya mji au mfuko wa sanaa wa taifa, na mara nyingi fedha ya tamasha moja haitoshi kutengeneza onyesho jipya. Mashirika ya usaidizi yamezaliwa kwenye pengo hilo. Uingereza kuna Without Walls, muungano ulioanza mwaka 2007: matamasha kama Greenwich+Docklands la London na lile la Stockton yanachangia onyesho litengenezwe, kisha linazunguka kwao. XTRAX ya Manchester huwaleta waandaaji kutoka nchi nyingine waone maonyesho kwa macho yao. Circostrada, mtandao wa Ulaya wa sarakasi na sanaa za mtaani unaoratibiwa kutoka Paris tangu 2003, huwakutanisha watu wa fani hii. Na mji mdogo wa Tàrrega, Catalonia, Hispania, tangu 1981 hugeuka soko la maonyesho kila Septemba, waandaaji wakija kuchagua.

Kazi yao ni kuchangia utengenezaji na kumkutanisha msanii na anayechagua. Tena fedha zao nyingi ni kodi za wananchi wao, kwa hiyo wanaanza na wasanii wa kwao. Kikundi cha Tanga huingia kwa njia nyingine: mwandaaji amewaona, amewapenda, kisha amewatafuta wenzake wawili watatu wa kugawana nauli. Tiketi saba za ndege kwa shoo moja ya Jumamosi hakuna tamasha linalozimudu kirahisi. Ndiyo maana mipango huanza miezi mingi kabla ya kiangazi chao, na anayewaahidi safari ya mwezi ujao anawadanganya.

Mwandaaji huyo hatawauliza video imetazamwa mara ngapi. Niliwahi kukaa na kiongozi wa kikundi kimoja tukisoma barua pepe ya fundi mkuu wa tamasha. Piramidi ina urefu gani? Mnasimamisha shoo upepo ukifika kasi gani? Mnahitaji ardhi ya namna gani? Mvua ikinyesha mnafanyaje? Nani ana bima? Kijana alikuwa ameshaandika jibu la mstari mmoja: "Tunaweza popote." Nilimzuia asilitume. Fundi akisoma hivyo anaelewa kwamba hamjawahi kufikiria mtu kuanguka, na anawaacha. Jioni ile tuliegemeza mwanzi kando ya piramidi, tukaupiga alama ya mkaa usawa wa utosi wa kijana wa juu, tukaulaza chini na kuupima: mita 4 na sentimita 60. Siku nne baadaye kikundi kilikuwa kimehamia mazoezi kwenye sakafu ya zege, kwa sababu viwanja vingi vya miji ya Ulaya vimetandazwa mawe, na goti lililozoea kutua mchangani hulipa gharama huko.

Halafu kuna onyesho lenyewe. Kupinduka kinyumenyume kila mtu anajua. Mwandaaji anatafuta kitu cha dakika thelathini au arobaini chenye mwanzo na mwisho, ambacho mtu akikikuta njiani anasahau alikokuwa anakwenda. Hapo ndipo nyinyi mnahitaji msaada, na upo karibu. TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali, ipo Bagamoyo. Nairobi kuna Sarakasi Trust, iliyoanzishwa 2001, yenye ukumbi wake Ngara katika jengo lililokuwa sinema ya Shan. Vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani vilivyopo Dar mara kwa mara hutembelewa na watu wanaotafuta kazi za wasanii. Na kama hamjajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, anzieni huko kesho.

Sisemi kwamba kila anayetaja fedha ni tapeli. Pasipoti inalipiwa, maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, sasa ni euro 90 kwa mtu mzima na hayarudishwi ukikataliwa, na yapo masoko yenye ada ya kushiriki. Kisichouzwa ni kuchaguliwa. Barua nayo si viza. Msanii anayekwenda kulipwa Uingereza mara nyingi huhitaji cheti cha udhamini kutoka taasisi yenye leseni, na orodha ya wenye leseni serikali yao imeiweka wazi. Muulizeni huyo bwana jina kamili la shirika lake, mlitafute wenyewe, kisha wasilianeni nalo kwa anwani mliyoipata nyinyi, siyo aliyowapa yeye.

Na hili nawaambia wote wanaosoma, wacheza ngoma na wapiga sarakasi wa pwani nzima. Nimewapokea uwanja wa ndege vijana waliorudi na begi la mgongoni tu. Walisaini mkataba wa lugha wasiyoijua, wakafika wakakuta shoo tatu kwa siku hotelini, na pasipoti zimefungiwa kwenye kabati la bosi "kwa usalama". Mkataba usomeni kwa Kiswahili kwanza, uonyeshe malipo, idadi ya shoo, bima na tiketi ya kurudi. Pasipoti akae nayo mwenyewe aliyeandikwa ndani yake, na nakala ya ukurasa wa picha ibaki nyumbani kwa mama.