Jibu: sindano za uzazi wa mpango na saratani ya titi

Kaka, umeuliza kama sindano za miezi mitatu alizochoma mkeo kwa miaka minne zitamletea saratani ya titi, maana dada yako wa Kasulu kashaapa kwamba ndizo. Mwacheni wifi yangu apumue kwanza. Mimi si daktari, ni mgonjwa wa hapa Ujiji.

Sijawahi kuchoma sindano hata moja. Kijiti sijaweka, kidonge sijameza. Uvimbe ulinitokea nikiwa na miaka 47, titi la kushoto, mgumu kama mise, yaani kokwa za mchikichi, wala hauumi. Huko kutouma ndiko kulikonikalisha nyumbani miezi mitano.

Homoni nilikuwa nazo tayari mwilini. Tangu binti avunje ungo, mifuko ya mayai inatoa estrojeni, homoni ya kike, na kila mwezi estrojeni na projesteroni zinaziamsha seli za titi zijigawe. Kadiri seli zinavyojigawa, ndivyo makosa yanavyoweza kuingia. Ndiyo maana aliyevunja ungo mapema, au aliyechelewa kukoma hedhi, hatari yake iko juu kidogo. Hedhi ikikoma, mafuta ya mwili nayo yanaendelea kutengeneza estrojeni, kwa hiyo unene wa ukubwani si wa kujivunia (najua huku kwetu tunauita afya). Kunyonyesha kunapunguza: uchambuzi mkubwa wa mwaka 2002 ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inashusha hatari kwa asilimia 4 na ushee. Nimenyonyesha watatu na bado nikaumwa.

Sindano sasa. Njia za homoni huongeza hatari kidogo wakati unazitumia, na ukiacha hatari hiyo inapungua taratibu. Kwa mwanamke kijana, kidogo hicho ni kidogo kweli. Ila aliyekwisha kuugua saratani ya titi, kama mimi, hizo njia asiziguse. Aulizie kitanzi kisicho na homoni.

Linaloniuma mimi ni jingine. Hospitali ya kwanza walinitoa uvimbe, majibu yakaandikwa "saratani", basi. Vipokezi, yaani vile viti vya kwenye seli ambapo homoni hukaa, havikupimwa na hakuna aliyeniambia vipo. Saratani za titi karibu 7 kati ya 10 zina vipokezi vya estrojeni, yaani zinakula homoni yako mwenyewe, na hizo zina dawa yake. Miezi mitatu ikapita bure. Mwishowe nilipanda basi kwenda Mwanza na kinyama changu kwenye pochi, kimegandishwa ndani ya nta, kidogo kuliko kiberiti, nimekifunga kwenye leso. Kikapimwa: chanya. Nikaanzishiwa tamoksifeni miligramu 20 kila siku, miaka mitano. Inawahi kukaa kwenye kipokezi, estrojeni ikija inakuta kiti kina mtu, kama treni ya Tabora siku za sikukuu.

Kero yake ni joto. Juzi nipo Kibirizi alfajiri nanunua dagaa, baridi ya ziwa, wenzangu wamejitanda, mimi jasho linatiririka hadi muuzaji ananiuliza, "Mama, una homa?" Damu ukeni ikitoka wakati hedhi imeshakoma, hiyo usisubiri, rudi kwa daktari, dawa hii inaweza kusumbua mji wa mimba.

Halafu kaka, hukusema: wifi ana kinundu, au ni maneno ya dada yako tu? Kama kipo, mpeleke wiki hii, na kikikatwa ulizeni vipokezi kabla hamjatoka mlangoni.