Bibi Mwalimu Anajibu: Wathibiti ubora wanakuja, nifundisheje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nafundisha Jiografia kidato cha kwanza, mwaka wangu wa pili kazini. Wiki ijayo wathibiti ubora wa shule wanakuja, na mkuu wa shule anataka kila mmoja wetu aandae kipindi cha kung'ara. Mada yangu ni maji kujaa na kupwa. Nimenunua manila nne na kalamu za rangi, na wanafunzi wanafanya mazoezi ya wimbo. Kipindi bora hasa ni kipi?
Mwalimu kijana, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Manila moja inatosha. Hizo tatu zirudishe dukani kama muuzaji ni muungwana.

Mada hiyo niliifundisha miaka mingi, na vibaya. Nilichora jua, mwezi na dunia kwa rangi, nikaeleza kuwa mwezi hasa ndio unaovuta maji ya bahari, nikauliza "Tumeelewana?", darasa zima likaitikia "Ndiyooo mwalimu!", nikatoka kifua mbele. Nikisahihisha madaftari, naikuta chati yangu imenakiliwa vizuri sana, na hakuna aliyeelewa kitu.

Siku moja chati niliisahau nyumbani. Nikauliza tu: nani baba yake au mjomba wake anavua? Mikono ikajaa. Mtoto wa deski la nyuma, ambaye sauti yake sikuwa naijua, akatueleza bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) kuliko kitabu, akizihesabu siku za mwezi kwa vidole. Nikaandika ubaoni: kila siku maji huchelewa kujaa kwa kama dakika 50. Kwa nini?

Kimya. Mwanangu, kile kimya kiliniwasha! Nilitaka kujibu mwenyewe. Nikajing'ata ulimi. Mwishowe binti mmoja akasema, taratibu, kama anayejiuliza: "Kwani mwezi nao si unatembea? Dunia ikimaliza mzunguko, inabidi iufukuzie kidogo." Makofi ya kilo yalipigwa bila mimi kuyaomba.

Baadaye nikasoma habari za mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe. Aliona walimu wakiuliza swali husubiri sekunde moja tu, au pungufu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Sekunde 3! Ukiwa mbele ya watoto 70 ni ndefu kama foleni ya kivuko.

Kwa hiyo kwenye andalio lako la somo andika swali moja gumu, na pembeni yake neno "nyamaza". Dakika 5 za mwisho, kila mtoto aandike daftarini, bila kutazama ubaoni, kwa nini maji ya kesho hayatajaa saa ile ile ya leo. Mgeni akitaka kujua umefundisha nini, mpe madaftari ya deski la nyuma.

Kuhusu wageni wenyewe, usitetemeke. Hata Uingereza, wakaguzi wa Ofsted, idara yao ya kukagua shule, waliacha mwaka 2014 kukipa kila kipindi daraja lake.

Wimbo uimbeni wakishaondoka.