Wanafunzi wakinyamaza baada ya salamu

Mwalimu mwenzangu, umesema wanafunzi wako walianza kwa furaha kuandikiana na wenzao wa nchi nyingine, lakini baada ya wiki mbili barua zimekauka, na unauliza kama uachane na mradi. Usiuache. Kilichokauka ni kujitambulisha tu: ukishataja jina, umri na mchezo unaoupenda, unabaki na lipi la kusema?

Wape kazi ya kufanya pamoja. Mtandao wa iEARN, ulioanza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za New York na Moscow, umejengwa juu ya miradi ya pamoja, si salamu peke yake. Kwa mfano, kila mtoto amwulize mzee wa nyumbani kwao alicheza michezo gani utotoni, aandike majibu, kisha mwenzake wa ng'ambo amrudishie maswali matatu. Humo ndimo utamaduni unamoonekana, kuliko kwenye picha za mavazi ya sikukuu.

Ila kwanza linganisheni kalenda na mwalimu wa upande wa pili. Mara nyingi ukimya ni likizo au mitihani, na watoto huku wanadhani wamekataliwa. Inawaumiza kweli. Saa zikipishana sana, ujumbe wa sauti unatosha. Msihangaike na video ya moja kwa moja.

Picha za nyuso na majina kamili zisitoke bila ruhusa ya wazazi. Namba za simu zisitoke kabisa.