Barabara nyeupe za Toscana: magari machache, miteremko mingi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naishi Stuttgart, nina kilo 82. Mwezi wa Aprili nataka kupeleka baiskeli yangu Toscana, Italia, kwa siku tano, niendeshe njia za changarawe zisizo na magari. Ni baiskeli ya lami: tairi za milimita 28, gia ndogo ya mbele ina meno 34, kubwa ya nyuma ina meno 28. Nimenunua ramani ya simu ya mzunguko wa kilomita 209, imeandikwa "bila magari". Nimeshauriwa nipige upepo hadi psi 100 (psi ni kipimo cha ukali wa upepo ndani ya tairi) ili nisipate pancha kwenye kokoto. Hofu yangu ni vilima. Je, gia hiyo itatosha kupanda?

JIBU: Ndugu yangu, gia hiyo haitatosha. Nitaieleza haraka, kwa sababu kilichonifanya niweke spana chini nikuandikie leo ni hiyo psi 100.

Kuzunguka Siena, mji wa Toscana, kuna vipande vya changarawe vinavyopanda kwa asilimia 15. Kile cha Le Tolfe kinafika 18. Wewe, baiskeli na mzigo wako ni kama kilo 90. Kwa gia yako, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, utakwenda kilomita 9 kwa saa, na mwinuko wa asilimia 15 utakudai nguvu ya miguu ya zaidi ya wati 330. Labda utaweza kwa dakika mbili. Kwenye lami ungesimama juu ya pedali ukajisaidia kwa uzito wa mwili, lakini kwenye changarawe ukisimama gurudumu la nyuma linakosa uzito na linazunguka bure. Tafuta gia ambayo meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma, kwa mfano 32 mbele na 40 nyuma. Hapo utapanda kwa kilomita 6 kwa saa na utahitaji wati 220 hivi. Na ukishindwa, shuka usukume. Hakuna aliyewahi kuvunjika mfupa wa bega kwa kusukuma baiskeli.

Sasa tuje kwenye upepo.

Kila mwaka, majira ya kuchipua yakianza, nawapokea watu ambao tairi zao zimejazwa zikawa kama jiwe. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Kwetu baiskeli ni ya kazi: Phoenix yenye magunia mawili ya mkaa nyuma inahitaji upepo mwingi, la sivyo rimu inakaa chini. Fundi anabonyeza tairi kwa kidole gumba, kidole hakizami, anasema iko sawa. Kwa mzigo ule alikuwa sahihi. Lakini wewe hubebi mkaa.

Tairi laini kiasi likikutana na kokoto linaizunguka na kuimeza. Tairi gumu linairuka. Kila linaporuka, hata kwa urefu wa unene wa kucha, gurudumu haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halina breki wala halikati kona. Mitikisiko yote inapanda kwenye mikono na mgongo wako, na nguvu uliyoilipia kwa jasho inapotelea hapo. Kwa hiyo hata wanaosema tairi gumu lina kasi wanakosea. Hiyo ni kweli kwenye lami laini, si kwenye kokoto.

Na pancha? Upepo mwingi unazuia aina moja tu, ile ya tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu. Ile ya kukatwa na jiwe lenye makali unaiongeza, kwa sababu tairi lililokazwa halibonyei. Dawa ya kubanwa ni upana. Weka tairi za milimita 38 au 40 kama fremu na breki zako zinaruhusu, ikiwezekana zile zisizotumia tyubu. Kwa uzito wako anza na psi 36 mbele na 40 nyuma, kisha punguza au ongeza mbili mbili. Kama fremu haipitishi tairi hizo, kodi baiskeli ya changarawe hukohuko. Utaambiwa kwamba wanamashindano wa Strade Bianche, mbio za waendeshaji wa kulipwa kwenye changarawe hizohizo, hupita na tairi nyembamba. Ni kweli, lakini nyuma yao kuna gari lenye magurudumu ya akiba, na wewe nyuma yako kuna miti ya mivinje tu.

Kabla ya yote kagua rimu zako. Siku hizi kuna rimu zisizo na kulabu, ukingo wake wa ndani umenyooka. Kikomo chake ni takriban psi 72. Ukipiga 100, tairi linaweza kuchomoka lote kwa pamoja, na huwezi kuchagua litachomokea wapi. Mwaka jana mgeni aliniletea baiskeli yenye rimu za namna hiyo, imejazwa 95 na duka lililomuuzia. Nilitoa upepo nikiwa nimegeuza uso pembeni.

Hizo tairi ngumu zinaungana na neno la pili lililonitia wasiwasi, "bila magari". Mzunguko wa kilomita 209 unaoanzia Gaiole in Chianti naujua. Ndio njia ya kudumu ya L'Eroica, tamasha lililoanza mwaka 1997 ili kuzilinda barabara nyeupe, yaani hizi za changarawe, zisitiwe lami. Imewekewa vibao, iko wazi mwaka mzima, na hailipiwi, kwa hiyo pole kwa pesa uliyotoa. Lakini si njia isiyo na magari. Karibu nusu yake ni lami ya kawaida. Hata barabara nyeupe yenyewe ni barabara ya umma: hupita trekta, gari la mkulima wa mizabibu, na wageni wa nyumba za mashambani ambao hawajawahi kuendesha kwenye changarawe. Wanakuwa wachache, na huo uchache ndio unaomlewesha mwendeshaji. Anaona kilima kitupu, anaachia breki.

Wanaoniletea majeraha hawakugongwa na gari, na hawakuumia wakipanda. Wameumia wakishuka. Changarawe iliyokauka inakusanyika katikati ya njia na kwenye kingo za kona, na chini yake ardhi ni ngumu. Ukiingia pale na tairi gumu ukashika breki ya mbele, ni kama kukanyaga punje za mahindi sakafuni. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Ndani ya kona acha breki. Fuata mistari miwili iliyosafishwa na matairi ya magari, shusha mikono sehemu ya chini ya usukani, sogeza makalio nyuma. Kipande cha Monte Sante Marie, karibu na Asciano, kina kilomita 11.5 za kupanda na kushuka hivi bila kupumzika. Usikianze jioni ukiwa umechoka.

Tusiseme haya ni ya wageni wa mchezo peke yao. Agosti 2022 Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, alianguka kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na ujuzi ambao mimi na wewe hatutaufikia. Namkumbuka kila ninapomwona mtu anashuka akirekodi video kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo nawaambia wote wanaosoma hapa: wauza ramani hawajapita njia wanazowauzia. Wanachora mstari kwenye kompyuta, programu inasema "changarawe", wao wanaongeza "salama kwa familia". Nimeukuta mstari wa namna hiyo ukiishia kwenye geti la shamba, na mwingine ukikata malisho ya kondoo upande wa Pienza, ambako mbwa weupe wa Maremma wanalinda kundi na hawana habari na ramani yako. Ukiwakuta shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea polepole. Wauza ramani hawataji pia udongo. Crete Senesi, vilima vya kusini mwa Siena, ni mfinyanzi uliokuwa chini ya bahari. Mvua ya Aprili ikinyesha, unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Si kama moramu yetu, ambayo jua la saa moja linaikausha. Siku ya mvua baki kwenye lami.

Kama unataka njia isiyo na magari kweli, zipo. Sentiero della Bonifica, kutoka Arezzo hadi Chiusi, ni kilomita 62 kando ya mfereji, tambarare, nzuri kwa siku ya kwanza ya kuzoea tairi mpya. Ukitaka milima, vuka uingie Umbria, mkoa wa jirani: reli ya zamani ya Spoleto hadi Norcia, iliyofunguliwa 1926 na kufungwa 1968, sasa ni njia ya baiskeli. Ilikuwa ya kilomita 51, ina mahandaki 19, na kwa kuwa ilijengwa kwa ajili ya treni haizidi mwinuko wa asilimia 4.5. Tetemeko la 2016 liliharibu upande wa Norcia, kwa hiyo uliza Spoleto ni hadi wapi pako wazi. Handaki la Caprareccia lina karibu kilomita 2 za giza na baridi. Chukua taa yenye nguvu, na kizibao cha kuakisi mwanga, maana sheria ya Italia inakitaka ndani ya mahandaki.

Siku tatu zinazobaki zitumie kwenye vipande vya ile 209, kilomita 50 au 60 kwa siku. Kile cha Gaiole kupitia Brolio, chenye mivinje pande zote mbili, anza nacho asubuhi. Nitumie picha ya maandishi ya kwenye rimu na upana wa nafasi ya fremu kabla hujanunua tairi.