Mbwa wangu kachanjwa, naweza kumwachia usiku?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa dume wa miaka miwili na nyumba yangu haina uzio. Mchana namfunga mnyororo, saa nne usiku namfungulia alinde. Asubuhi anarudi na matope, mara nyingine na majeraha. Majirani wanalalamika, lakini kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ninayo. Kosa langu liko wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, majirani wana haki. Kumchanja umefanya vizuri sana, na chanjo hiyo irudiwe kila mwaka. Ila haimzuii kumrukia mtoto aliyetumwa maandazi alfajiri, wala kumwangusha dereva wa bodaboda. Hayo majeraha yanaonyesha kwamba usiku halindi kwako: yuko kwenye ugomvi wa majike, au anafukua jalalani. Akila mabaki ya machinjio hupata tegu, na mayai ya tegu hao hutoka na kinyesi chake. Mtu akiyameza, yanaweza kumletea uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu.

Uzio ndio dawa. Kama fedha bado, kaza waya imara kati ya nguzo mbili kando ya nyumba, uvishe pete, mnyororo wake ufungwe kwenye pete hiyo. Atakimbia huku na huku akibweka, bila kutoka. Hakikisha hakuna mti wala kitu cha kumzonga, na maji na kivuli avifikie. Mnyororo mfupi wa kutwa nzima uache, unamfanya awe mkali kwa kila apitaye. Mlishe jioni, ashibe. Kama huhitaji watoto wake, mhasi: kulinda ataendelea kulinda, hamu ya kutoroka ndiyo hupungua.

Ikitokea akamuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata ukiwa na kadi. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Mbwa naye asiuawe kwa hasira. Mfungie, mwite ofisa mifugo, aangaliwe kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate alipouma huugua na kufa ndani ya muda huo. Na gharama za aliyeumwa zibebe wewe, bila kungoja kuitwa serikali ya mtaa.