Popo kwenye mkalitusi: msiukate

Ndugu, umeuliza iwapo muukate ule mkalitusi uliojaa popo hapo Kisumu. Tafadhali msiukate! Hao ni popo wala matunda, hawanyonyi damu ya mtu. Tunda la mvule au mkuyu hulisaga mdomoni, hufyonza maji na kutema makapi. Mbegu ndogo humezwa, kisha huangushwa wakiruka, hata kwenye uwanda mtupu mbali na msitu. Miti yetu ya asili inawahitaji mno.

Nenda jua likizama, simama kando, si chini ya mti, uwaone wakitoka kundi kwa kundi. Watoto wasiwashike, na tunda lililoumwa litupwe. Mapango ya Mlima Elgon pia msiingie ovyo: pango la Kitum lilihusishwa na Marburg, homa kali ya virusi inayobebwa na popo wa mapangoni, mwaka 1980 na 1987.