Usitume hiyo picha kwa grupu ya wodi

Wee dada, simama hapo hapo. Nimefika pale umeandika ati leo jioni unaweka picha ya karatasi ya dawa kwa grupu ya WhatsApp ya wodi, ndio kila mtu aone venye huyo sista wa usiku anakuachia dozi, na chai ikanipalia. Mengine uliyouliza nitayafikia nikitulia. Usitume.

Mimi nilituma. Nilikuwa mpya kama wewe, hospitali moja hapa Nairobi ambayo sitaitaja ju bado nataka kulala vizuri. Kulikuwa na sista wa usiku, kila nikiingia asubuhi kuna kitu amebakisha, dripu imeisha na bado inaning'inia, presha hazijaandikwa, ukimuuliza anakuangalia kama umemdai pesa. Siku moja nakuta kwa karatasi ya dawa kisanduku cha saa 12 asubuhi, pale unasaini ukishapeana dozi, antibayotiki ya sindano, hakuna sahihi. Damu ikapanda. Kuna kaka mmoja amekaa kazini miaka mingi, yule anajua kila mtu na kila kitu, nikamwonyesha, akaniambia, "Piga picha uweke kwa grupu, bila ushahidi watasema unaota." Nikapiga, nikaweka, na maneno juu yake, "huu ni uzembe, tumechoka." Ati tumechoka, mimi ambaye hata kitambulisho cha kazi sikuwa nimepewa! Kaka akaweka emoji ya moto. Moto aliweka yeye, kuungua nikaungua mimi.

Ile picha ilikuwa na jina la mgonjwa, namba ya faili na ugonjwa wake, vyote hapo juu kabisa, macho yangu yako kwa kisanduku tu. Na kwa grupu kulikuwa na watu walioacha kazi kitambo, hakuna aliyewahi kuwatoa, mmoja akaifowadi kwa mtu anayejua ile familia, kufika jioni binti ya mgonjwa yuko kwa ofisi ya matroni anauliza mbona babake anazunguka kwa simu za watu. Nilikuwa nishaifuta kwa wote, lakini hiyo haimfikii mtu ambaye ashaisevu. Halafu sasa, wueh, hii ndio bado inaniuma: yule sista alikuwa ameandika kwa kadeksi, ile rekodi wauguzi huandika ya mgonjwa kila zamu, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, dawa imeisha famasi, daktari wa zamu amejulishwa, familia imeelezwa. Sikuwa nimefungua kadeksi. Kwa hivyo kwa rekodi za hospitali mzembe ni mimi.

Barua ya kujieleza ikaja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya ya mtu kwa zile data nyeti, na mtu wa HR alinisomea hiyo sehemu polepole kama anasomea mtoto. Na nani aliniambia niende kwa kikao peke yangu? Yule yule kaka! "Ukienda na mtu wataona umekuja vita." Uongo mtupu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kabla mwajiri akufute kwa utovu wa nidhamu lazima akueleze sababu kwa lugha unayoelewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama hapo ndani. Mimi niliketi pekee, meza nzima iko upande ule. Wodini wagonjwa walikuwa wananiita daktari, pale hakuna aliyeniita hata sista. Onyo likaingia kwa faili, kandarasi ikaisha, ikaishia hapo. Kaka naye alitoka kwa grupu usiku huo huo, hata pole hakuandika. Kama unasoma hii, mzee, bado uko na chaja yangu.

Karatasi ya mgonjwa haiingii kwa simu yako, dada. Hata kama ukweli wote uko upande wako. Ukikuta kisanduku kitupu, mwangalie mgonjwa kwanza, joto, presha, branula (ile mrija mdogo wa dawa kwa mshipa) kama bado inafanya kazi, halafu fungua kadeksi usome usiku mzima, na umuulize sista mwenyewe kabla hajavaa koti, kwani ripoti ya zamu si mnapeana kando ya kitanda, "Sista, hii ya saa 12 ilikuwaje?" basi, bila sauti ya korti. Kama hana jibu, mwambie daktari wa zamu, uandike ulichoona, saa, na sahihi yako. Usiandike "mzembe", usiandike "tena", andika "kisanduku cha saa 12 hakina sahihi." Ikijirudia, nenda kwa msimamizi wa wodi ana kwa ana, na kama kuna fomu ya matukio ijaze. Inachosha, najua, lakini fomu haifiki kwa simu ya binti ya mtu.

Uliuliza pia kama uombe kuhamia wodi ya akina mama, na kitu kuhusu kutosalimiana saa ya chai. Sijui bana, salimia tu. Saa hii nataka kujua kama hiyo picha ushaipiga. Kama iko, ifute, halafu ingia pale simu huweka picha zilizofutwa uitoe huko pia, na uangalie kama haijapanda kwa hifadhi ya mtandaoni. Ukimaliza andika hapa.